Kisichouma

Mwezi wa tatu walituita Tanga mjini, hoteli moja ya Raskazone,
soda, sambusa, posho ya siku mbili.
Mtaalamu mwenye miwani ya kamba akatuonyesha picha ukutani:
bahasha, unga mweupe, mtu asiye na uso.
"Vita vya vijidudu havipigi baragumu," alisema.
"Vitakuja zahanati na kadi mkononi,
vikiwa na homa kama homa yoyote."

Niliandika. Daftari lina madoa ya pilipili mpaka leo.

Ndui hutoka rika moja,
kama wari wa kumbi moja:
vipele vyote vimeiva siku moja, usoni, viganjani, nyayoni.
Tetekuwanga ni watoto wa nyumba moja:
huyu amekauka, huyu ana maji,
huyu ndiyo kwanza anazaliwa, mgongoni.
Tauni: mtoki kinenani,
au kikohozi chenye damu, kinachokimbia kuliko bodaboda.
Na ile sumu ya neva: kope zinashuka kama pazia,
ulimi unakuwa gogo,
na mgonjwa yu macho ndani, anasikia yote unayosema juu yake.

Wakija watatu na dalili moja, usiseme malaria.
Uliza.

Kisha nikarudi Kabuku,
kwenye mizani ya watoto na dirisha lisilofungika.

Jumanne akaja Semdoe, mchuna ngozi.
Akakunja shati. Juu ya kifundo cha mkono
kidonda cheusi, kaa lililozimwa kwa maji,
malengelenge yamekizunguka,
mkono umejaa hadi kiwiko.
"Mwiba wa mkonge, sista. Kilianza kinawasha tu.
Wala hakiumi."
Nikavaa glovu, nikabonyeza pembeni.
Akacheka. "Si nimekwambia hakiumi?"

Miaka kumi na tisa nawauliza watu panapouma.
Mkono wangu haujazoea
kusimama pasipouma.

Nani alikipa jina hilo, kimeta?
Kitu kinachometa.
Ungeweza kumwita binti, au duka la vito.

Nilitafuta adui kwanza, nakiri.
"Umepokea barua? Mzigo wowote? Unga?"
"Barua ya nani, sista?
Mimi hata mtu wa kodi hanijui."

"Na ng'ombe?"

Akaangalia dirisha.
"Alianguka mwenyewe. Ijumaa, njia ya Mkata.
Damu ilitoka puani, nyeusi, haikutaka kuganda.
Sasa, nyama yote ile, tungeifukia?"

"Mliiuza wapi?"

"Palepale. Kwa mkopo, mpaka mwisho wa mwezi."

Nilimpigia Kihiyo wa maabara, wilayani.
Aliuliza mara tatu kama nina hakika.
Nikamwambia sina; nina kidonda cheusi kisichouma
na ng'ombe aliyekufa bila kuuawa.
"Mwanzishie dawa," akasema. "Mzoga usiguswe, usipasuliwe.
Watu wa mifugo wanakuja.
Na waliokula, na waliochuna, nataka majina."

Semdoe alikaa kwenye benchi akihesabu kwa vidole vya mkono mzima:
mama Chausiku, utumbo.
Wale vijana wa kiwanda cha mkonge, paja zima.
Mwalimu Mhina, maini, na hajalipa.
Alikuwa akiwaita kama wadeni.
Mimi nilikuwa nikiwaandika kama wagonjwa.
Akafika mahali akanyamaza, akaniangalia,
akaona haya kuendelea.

Jumamosi, baada ya zamu, nilisimama mbele ya gogo lake.
Nilichagua mwenyewe kipande chenye mafuta.
Nasra alikipika na bilinganya,
akasema, mama, leo umejitahidi.

Nilirudi juu ya ukurasa, kwenye nafasi niliyoiacha wazi
bila kujua kwa nini niliiacha.
Namba moja. Jina langu. Namba mbili, la mwanangu.

Halafu nikapiga nyumbani
kuuliza kama kuna nyama iliyobaki,
na mifupa alipewa mbwa gani.